Handaki Lasema Liko Njiani

Mama mkwe alitufikia kutoka Bukoba katika mwezi ambao hali yangu ilikuwa mbaya kuliko miezi yote. Ndevu sinyoi, usiku silali, na kila nikiulizwa kinachonisumbua ninajibu neno moja tu: mahandaki. Sasa yeye vita ya Kagera ilimkuta akiwa binti, mwaka 1978, na kwake handaki halina maana mbili. Ni shimo la kuruka ndani pamoja na ndugu zako mlio wa ndege ya adui ukisikika. Siku ya tatu akamvuta mke wangu jikoni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi mumeo anajua kitu ambacho serikali haijatutangazia?"

Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha nne na kwa hiyo anajua kila kitu, akaingilia kuniokoa. "Bibi, si mahandaki ya vita. Ni kama yale ya treni ya SGR, kule Kilosa." Heshima yangu ikapanda ghafla. Ilishuka kesho yake asubuhi, mama mkwe alipotaka kuelezwa inakuwaje mtu anayetoboa milima ya Kilosa anashinda sebuleni Tabata amevaa kaptura.

Ukweli wenyewe ni mdogo na hauna vumbi. Mimi ni fundi wa kompyuta wa kujitegemea, maana yake naitwa na wengi na kulipwa na wachache. Mteja wangu mkubwa anauza vipuri vya pikipiki kwa jumla, Kariakoo. Hesabu za ghala lake zinakaa kwenye databesi, databesi iko kwenye seva ya kukodi, na seva iko nchi ambayo yeye na mimi hatujawahi kuikanyaga. Mteja wa pili ni chama cha kuweka na kukopa, wa tatu ni shule. Kila mmoja ana seva yake, na kila seva ina visirani vyake.

Databesi huwezi kuiachia mlango wazi kwenye intaneti. Aliyewahi kuwasha seva mpya jioni na kusoma kumbukumbu zake asubuhi ananielewa: usiku kucha roboti zisizo na kwao zimekuwa zikigonga, zikijaribu kuingia kwa jina la "admin", mara "test", mara "oracle", jina baada ya jina, bila haya. Kwa hiyo unafunga milango yote, unabakiza mmoja, namba 22, mlango wa SSH, nao unaufungua kwa ufunguo maalumu badala ya paswadi. Ukiitaka databesi, unapita humohumo kwenye 22, ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa ambayo aliye katikati hawezi kuyasoma, na ukishakuwa ndani ndipo unasogea hadi chumba cha databesi. Kompyuta yako inadanganywa kwamba databesi iko palepale nyumbani. Hilo ndilo handaki. Halina reli, halina taa, halina mkandarasi.

Linachimbwa kwa mstari mmoja kwenye lile dirisha jeusi: ssh -N -L 5433:localhost:5432, kisha jina lako na anwani ya seva. Mstari mmoja tu, nami nimekuwa nikiukosea tangu siku tulipojuana.

Kinachonikosesha ni hilo neno la katikati, localhost. Maana yake "hapa". Sasa hapa kwa nani? Unaandika ukiwa Tabata, kwa hiyo akili inakuambia hapa ni Tabata. Kumbe wapi. Hapa ya mstari ule ni ya seva, kwa sababu seva ndiyo itakayofuata neno lile huko iliko. Ni yale mazungumzo ya simu: "Uko wapi?" "Nipo hapa." "Hapa wapi?" "Si hapa, kwenye nguzo!" Waliotunga amri hii nawahurumia, Kiingereza chao kina hapa na pale, basi. Sisi tuna hapa, hapo na pale, na kilichotakiwa katika mstari ule ni hapo: hapo ulipo wewe, seva. Neno moja la herufi nne lingeniachia usingizi wa miaka.

Usiku mmoja wa kukosa usingizi huo ndio ulioleta ugomvi. Ilikuwa saa saba. Handaki lililokuwa limenigomea tangu magharibi lilikuwa limekubali, na mimi nikampigia simu fundi mwenzangu wa Arusha, nikicheka peke yangu kama mtu aliyeokota pesa. "Bila Tatu tungekuwa wapi?" nikamwambia. "Tatu ni mtu, bwana. Tatu kaniokoa leo."

Mke wangu alikuwa mlangoni, khanga kifuani.

"Baba Watoto. Tatu ni nani?"

"Ni mwanamume," nikajibu, haraka mno.

Pwani hii Tatu hajawahi kuwa mwanamume. Kila mtaa una Tatu wake, na mke wangu anawafahamu wawili, mmoja wao hapatani naye. Nikaanza kujieleza: ni Tatu Ylönen, Mfini, mwaka 1995 alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Kuna mtu alitega mtego kwenye mtandao wa chuo akawa ananasa paswadi za wenzake, maana zama zile paswadi zilisafiri uchi, kama barua isiyo na bahasha. Tatu akaudhika, akakaa chini akaandika SSH, na mwezi Julai mwaka huohuo akaitoa bure kwa anayeitaka.

"Na huyo Tatu wa Ufini," mke wangu akasema taratibu, "namba yake unayo?"

Kwa bahati mbaya nilikuwa nayo. "Ishirini na mbili," nikamjibu kwa uaminifu wote.

Hiyo namba ina kisa, na kisa chenyewe kinaniuma. Mlango namba 21 ulikuwa wa FTP na 23 ulikuwa wa telnet, huduma mbili kongwe ambazo Tatu alitaka zipumzike. Akaona 22 iko wazi katikati yao. Akawaandikia barua pepe ya adabu watu wa IANA, wanaogawa namba za intaneti, akiomba apewe. Kesho yake akajibiwa: chukua. Kesho yake! Mimi kuna ofisi moja mjini hapa nimeiomba namba ya kumbukumbu tangu kabla ya masika, na kila nikienda nakuta wamekunja mikono, mtandao unasumbua.

Mke wangu hakuguswa na uchungu wangu. Hukumu yake ilikuwa fupi: kuchimba usiku kuishe, na majina ya watu yasitajwe saa saba. Kwa hiyo programu yangu ilizaliwa kwa amri ya mahakama. Nilikusudia kitu kidogo cha kukaa kwenye kompyuta: dirisha moja, safu tatu, kila safu jina la mteja, kitufe kilichoandikwa "Chimba", na kitaa. Handaki likiwa wazi, kijani. Likiwa limefungwa, nyekundu. Nikamwahidi mke wangu wikendi moja. Sikusema ya mwaka gani.

Najua programu za namna hiyo zipo. Ipo moja maarufu ambayo ukurasa wa mahandaki umefichwa chini ya kurasa nyingine kama pesa ya mama chini ya godoro, na ukishaujaza usiporudi ukurasa wa kwanza kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, kila ulichojaza kimekwenda na maji. Najua pia kwamba SSH yenyewe ina faili lake la mipangilio, ukiandika mambo yako humo mara moja, mstari wote ule unabaki neno moja. Fundi wa Arusha aliniambia hivyo siku ya kwanza. Nilimjibu kwamba hanielewi, na mpaka leo nashikilia hivyo, kwa sababu nikikubali sina safu ya kuandika.

Wikendi ya kwanza ilikwenda na kile wanachokiita usasa. Kuna njia ya kutengeneza programu ambayo inafungasha kivinjari kizima cha intaneti ndani ya programu yako, hata kama programu yako ni vitufe vitatu. Matokeo: taa tatu, vitufe vitatu, megabaiti mia na ushee. Nilikuwa nimekodi Fuso kupeleka kiberiti. Nikamtumia mhasibu wa Kariakoo aipakue ajaribu. Nusu saa baadaye akanipigia kwa simu ya mlinzi kunijulisha kwamba bando lake limekwisha na faili halijafika nusu.

Nikavunja, nikaanza upya kwa Python, na vifaa vyake vya kuchorea madirisha vinavyokuja nayo bure. Ikawa nyepesi, na sura yake ikawa kama fomu ya kuombea mkopo. Na chini ya fomu hiyo, nikiri, haichimbi chochote. Inaita SSH ileile, ambayo Windows inakuja nayo tangu 2018, na kusimama pembeni mikono mfukoni. Programu yangu ni kanzu. Mwili ni wa watu wengine.

Kanzu ikakamilika wiki ya tatu. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu nilikuwa bado sijafikiria kitu kimoja cha kipuuzi: kitaa kinajuaje?

Mimi nilikuwa nimeandika kwa akili ya kawaida kwamba SSH ikiwa inafanya kazi, taa iwe kijani. Jumatatu mhasibu akapiga. "Kaka, shikamoo. Taa ni ya kijani, lakini stoo haifunguki." Nikaangalia kwangu: kijani. Nikamwambia asubiri kidogo, mtandao unasumbua. Nilijisikia nikilisema neno lile kwa mdomo wangu mwenyewe. Dakika kumi, bado kijani, stoo bado haifunguki, na nje vijana wa pikipiki wanadai plagi na mnyororo.

Kilichotokea ni hiki. Mitandao ya simu, ambayo ndiyo wengi wetu tunatumia, ina daftari la nani anaongea na nani. Mkikaa kimya dakika kadhaa, linafuta mstari wenu ili kupata nafasi, wala halimwambii mtu. Kompyuta yangu inaamini handaki lipo. Seva inaamini handaki lipo. Katikati hakuna kitu. Pande zote mbili zimeshika simu sikioni kwa heshima, kila mmoja akidhani mwenzake anafikiri.

Ndipo nilipotambua kwamba handaki ni Mswahili mwenzetu. Ukilipigia linakuambia liko njiani, limeshapita Ubungo, kumbe bado liko kitandani linatafuta soksi. Na tabia hii ndiyo inayoniudhi kuliko kukatika kwenyewe. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua nchini siku kadhaa, tulinung'unika sote, lakini mtu alijua msimamo wake. Nyekundu ina heshima. Ukiambiwa hakuna, unakwenda kunywa chai. Anayekuweka dirishani mpaka wali unapoa ni yule anayesema anakuja.

SSH ina dawa ya hili, ila imewekwa kabati la juu. Unaweza kuiagiza iwe inaita upande wa pili, "Upo?", kila baada ya sekunde fulani, na isipojibiwa mara kadhaa ikate tamaa yenyewe. Usipoiagiza haiulizi kabisa, namba ya sekunde ilivyokuja imewekwa sifuri. Idadi ya kuvumilia bila kujibiwa, kwa kawaida yake, ni mara tatu, jambo ambalo sikumtajia mke wangu. Nikaweka sekunde 15. Mara tatu, 45. Chini ya dakika moja mwongo anakamatwa.

Nikanywa soda kujipongeza. Wiki iliyofuata mhasibu akapiga. "Kaka, shikamoo..."

Safari hii handaki lilikuwa zima. Databesi ndiyo iliyokuwa imelala, kule ndani. Na mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimeongeza kipimo: programu inagonga mlango 5433 wa kwangu, ukifunguka, kijani. Sikujua kwamba mlango ule wa kwangu unafunguka tu, hata kama kule mwisho wa handaki hakuna mtu. SSH ndiyo inayoupokea mgeni, nayo ina ukarimu wa kupitiliza. Karibu, karibu ndani, keti, wakati mwenye nyumba alishazikwa.

Basi kipimo kikawa kimoja cha kweli. Upite handaki lote, ufike kwa databesi yenyewe, uiulize swali jepesi kuliko yote, SELECT 1, yaani nipe moja. Ikirudisha moja, kijani. Handaki likiwa zima lakini hakuna anayejibu, nikatia rangi ya tatu, njano, na pembeni yake nikaandika kwa Kiswahili: "Linasema liko njiani." Hiyo ndiyo sehemu pekee ya programu nzima ninayoipenda.

Mengine sitaki hata kuyakumbuka. Kufunga kifuniko cha laptopu, handaki linakufa na taa inabaki na kumbukumbu za jana. Kufunga dirisha la programu, SSH inabaki nyuma imeshikilia mlango 5433, ukirudi unaambiwa mlango una mtu, kama mpangaji aliyehama na funguo. Wiki mbili za maisha yangu, sentensi mbili.

Usalama, hapo nilijitahidi. SSH yenyewe haina mzaha: faili la ufunguo wako likiwa linaweza kusomwa na mtu mwingine kwenye kompyuta hiyo, inakataa kulitumia, na inakataa kwa herufi kubwa, ndani ya uzio wa alama za @, kama mjumbe wa nyumba kumi aliyepewa kipaza sauti. Seva ikibadilishwa ikaja na utambulisho mpya, uzio uleule tena, na onyo kwamba huenda kuna mtu anakufanyia ubaya. Mara zote mimi mtu huyo amekuwa mimi mwenyewe, nimesahau kwamba niliisakinisha upya. Nikaiga ukali huo. Nywila ya kufungulia ufunguo sikuiandika kwenye faili lolote, nikaikabidhi kwenye kasha la siri la Windows yenyewe. Nilifanya wiki nzima kitu hicho. Nilijiona mlinzi wa Benki Kuu.

Kisha nikaenda Kariakoo kusakinisha toleo jipya kwenye kompyuta ya mhasibu. Ukutani, juu ya meza yake, kuna kalenda ya muuza mabati. Kwenye nafasi nyeupe chini ya mwezi Machi, kwa kalamu nene nyekundu, imeandikwa paswadi ya programu ya stoo, na mshale, na maelezo: "P ni kubwa." Mteja yeyote anayekuja kuulizia plagi anaisoma akisubiri chenji.

Nikasimama pale kwa muda. Hesabu zangu zinapita bahari mbili zimesimbwa kwa namna ambayo kompyuta zote za dunia zikikusanywa haziwezi kuzifumbua, zinafika Kariakoo, zinakuta mwezi Machi.

"Tuliandika kwa ajili yako, kaka," mhasibu akasema, akidhani nimefurahi. "Usihangaike ukija."

Nilipiga hesabu moja ambayo sikupaswa kuipiga. Kuandika ule mstari wa amri kwa mkono ni sekunde 20, mara tatu kwa siku, dakika moja. Siku 300 za kazi, saa tano kwa mwaka. Programu imenila saa kama 200. Nitaanza kupata faida baada ya miaka 40, na mimi nina miaka 43. Mpwa wangu aliona hesabu hiyo kwenye daftari akaniuliza kama programu inaweza kurithiwa.

Wa kwanza kuielewa kwa dhati alikuwa mama mkwe. Jioni moja kabla ya safari yake ya kurudi, mpwa alimfungulia akamwonyesha. Akavaa miwani, akasogea, akanyooshea kidole safu ya shule, ambayo huwa inasumbua.

"Hii ya njano ni mwongo?"

"Si mwongo, mama," nikasema. "Linasema liko njiani."

"Ni huyohuyo," akasema, akavua miwani.

Siku ya mwisho nilikuwa Kariakoo tangu mchana. Tulikuwa tumekubaliana tule chakula cha usiku pamoja mapema, alfajiri awahi basi la Bukoba. Saa moja na nusu simu ikaita. Mke wangu.

"Baba Watoto, uko wapi?"

"Niko njiani. Nimeshapita Buguruni."

Kimya. Nyuma yake nilisikia sahani zikipangwa mezani.

"Rangi gani?"

Nikatazama chini ya meza ya mhasibu. Viatu vyangu vilikuwa pale, kimoja kimelala ubavu, soksi juu yake.

"Nyekundu," nikasema.

Nikamsikia akiipeleka habari. Kisha sauti ya mama mkwe, mbali kidogo, bila haraka:

"Mwambie aanze na viatu."